Mkeka wa wanyama: jinsi ya kubashiri paki mpya ya Planet Zoo, hatua kwa hatua

Sie hapa Ngamiani, Tanga, tuko wanne na laptopu moja ya kaka yangu, na kila paki mpya ya Planet Zoo (gemu ya kompyuta ya kujenga bustani ya wanyama; paki ni nyongeza ya kulipia yenye wanyama wapya) ilipokaribia tulikuwa tunaandika mkeka wa wanyama, yaani orodha ya wale tunaobashiri watakuja. Hela haiwekwi hata shilingi, jina tu ndo tumelichukua kwenye kubeti, lakini sheria ni ileile, ukishaandika hufuti.

Mkeka wangu wa kwanza wa maana ulikuwa wa paki ya Afrika, Juni 2021. Nikajiambia mie ni Mwafrika, hifadhi ya Saadani si mbali, milima ya Amani nimeshapanda, nani atanishinda kwa wanyama wa Afrika? Nikaandika mbega, kongoni, kuro, fungo na mirkati, yule nguchiro mdogo anayesimama wima. Wakaja mirkati, feneki yule mbweha mdogo wa jangwani mwenye masikio makubwa, kifaru mweupe, pengwini wa Afrika, na mdudu anayeviringisha kinyesi. Mmoja kati ya watano, na huyo mmoja ndo yule ambaye wachezaji dunia nzima walikuwa wanampigia kelele! Iliniuma kwa kweli, nikakaa chini nikaanza kuangalia hawa jamaa wanachaguaje. Ninachowaandikia hapa ndo nilichokipata, na toka hapo mikeka yangu haichaniki hovyo.

Hatua ya 1: andika kila kilichokwisha kuja

Chukua daftari au fungua Eksel, weka safu nne: paki, mwezi na mwaka, mnyama, anakaa wapi. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na ndo muhimu. Kwenye gemu kuna wanyama wa banda la wazi, wale unaowajengea uwanja na maji na miti, na kuna wa boksi la kioo, vyura na nyoka na wadudu. Watenganishe toka mwanzo.

Usianze na paki za kulipia, anza na wanyama waliokuja na gemu yenyewe Novemba 2019. Nimeshaona mtu anabashiri muhanga, na muhanga yupo toka siku ya kwanza. Swala tomi naye alikuwepo siku ileile, ila kwa waliolipia toleo la bei ya juu. Kazi hii inakula jioni nzima, vumilia tu, bila daftari unapiga ramli.

Hatua ya 2: hesabu nafasi kabla ya kutaja mnyama yeyote

Hapa ndo kila kitu kilipo. Ukishapanga daftari utaona mpaka mwisho wa 2023 paki zilikuwa na maumbo mawili. Kuna paki ndogo yenye mapambo na majengo, hiyo inakuja na wanyama watano, wanne wa banda na mmoja wa boksi. Kuna paki ya wanyama watupu, hiyo ina wanane, saba wa banda na mmoja wa boksi. Toka Oktoba 2022 nafasi ya boksi mara nyingine ilichukuliwa na mnyama wa banda la kupita ndani, nitalieleza Hatua ya 4. Ile ya kwanza kabisa ya Aktiki, Desemba 2019, ilikuwa na wanne bila wa boksi, lakini kuanzia Amerika Kusini, Aprili 2020, umbo likatulia.

Sasa tazama zinavyopishana. Asia ya Kusini Mashariki, Machi 2021, wanane. Afrika, Juni 2021, watano. Amerika Kaskazini, Oktoba, wanane. Ulaya, Desemba, watano. Ardhi oevu, Aprili 2022, wanane. Uhifadhi, Juni 2022, watano. Oktoba 2022 tulitegemea wanane, ikaja paki ya giza la jioni yenye watano tena, hapo tulichanganyikiwa wote, ila baada yake mwendo ukarudi, nyika Desemba 2022 wanane, tropiki Aprili 2023 watano, ukame Juni 2023 wanane, Oseania Septemba watano, Yurasia Desemba wanane. Yaani mtu mwenye daftari alikuwa anajua mapema paki ijayo ina nafasi ngapi na itatoka karibu na mwezi gani, maana baina ya paki na paki ni miezi miwili mpaka minne basi.

Kwa hiyo mkeka wako lazima uwe na idadi kamili. Ukiandika wanyama ishirini halafu ukapata sita hujabashiri chochote, umetaja wanyama tu.

Hatua ya 3: tafuta mada ya paki

Mwanzoni walikwenda kwa mabara. Amerika Kusini, Australia, Asia ya Kusini Mashariki, Afrika, Amerika Kaskazini, Ulaya. Katikati wakachomeka paki ya wanyama wa majini, Desemba 2020, lakini mstari ni mabara. Ilipotoka ya Ulaya mwisho wa 2021 mwenzetu mmoja akasema, "Wallahi kaka, mabara yanaisha hapa, wataenda wapi tena?" Wakaenda kwenye mazingira: oevu, jioni, nyika, tropiki, ukame. Huyo jamaa alikuwa ameona kitu na hatukumsikiliza.

Jiulize basi, kwenye daftari lako mazingira gani yana wanyama wachache? Andika mada mbili tatu, kila moja na mkeka wake mfupi. Usiwe na mada moja tu.

Hatua ya 4: tafuta ndugu

Kumtengeneza mnyama mpya mwendo wake wote, anavyokimbia, anavyolala, anavyozaa, hiyo ni kazi kubwa. Akiwa na ndugu mwenye mwili unaofanana kazi inapungua. Hili silisemi kwa kuwa nimekaa ofisini kwao, nalisema kwa kutazama daftari. Mbwa mwitu wa Amerika alikuwepo toka mwanzo, wakafuata yule mweupe wa Aktiki, dingo, kisha dholi wa Asia. Kangaruu mwekundu alikuja 2020, walabi akaja 2022. Fisi-maji mkubwa 2020, mdogo wa Asia 2022. Pengwini mfalme 2020, wa Afrika 2021, yule mdogo kabisa 2023.

Lakini mfano ninaoupenda ni popo. Oktoba 2022 waliingiza popo wa matunda wa Misri, na pamoja naye wakaleta banda la aina mpya kabisa ambalo wageni wanapita ndani, popo wanaruka juu yao. Sie tuliokulia karibu na mapango ya Amboni tulifurahi jamani, popo wetu wamefika! Ila kwa mbashiri furaha ni nusu, nusu ya pili ni swali: hili banda wamelijenga kwa mnyama mmoja tu? Haiwezekani. Miezi miwili baadaye wakaja vipepeo, banda lilelile. Septemba 2023 popo mwingine wa Oseania, banda lilelile. Kwa hiyo kila ukiona kitu kipya kwenye gemu, andika pembeni kwa kalamu nyekundu, kitarudi.

Hatua ya 5: toka Saadani, ingia kwenye bustani zao

Hapa ndo nilipoangukia 2021 na ndo ninapowaomba msome polepole. Wanaotengeneza hii gemu, Frontier Developments, wako Cambridge, Uingereza. Gemu ni ya bustani za wanyama, siyo ya hifadhi. Mie nilikuwa nawaza kuro na kongoni kwa sababu ndo wa Saadani, wao wanawaza mnyama ambaye mtoto wa Ulaya anamjua toka bustanini, au mnyama ambaye bustani ndo zimemwokoa. Choroa wa Sahara mwenye pembe kama jambia alikuwa ametoweka kabisa porini, bustani zikamzalisha akarudishwa Chad, na akaja kwenye paki ya uhifadhi 2022. Pengwini wa Afrika kwetu nani anamfikiria? Kule kila bustani kubwa inamtaka.

Kwa hiyo kila jina unaloandika liulize maswali haya: yupo kwenye bustani nyingi? Yuko hatarini kutoweka? Watu wanamdai kwa kelele? Akipata ndiyo mbili, anabaki. Akikosa zote, mfute hata kama unampenda. Mie mbega nilimfuta kwa uchungu.

Hatua ya 6: kata wasiowezekana

Kwa haraka tu. Mpaka mwisho wa 2023 ndege wa bandani walikuwa wa kutembea au kuogelea, mbuni, heroe, tausi, kasuari, korongo, emu, kiwi, bata maji. Aliyeandika tai alipoteza nafasi bure kila mara. Papa na nyangumi hivyohivyo.

Hatua ya 7: jipime kwa paki ya zamani

Kabla hujatamba, ziba nusu ya daftari ujijaribu. Chukua ukame, Juni 2023, ujifanye hujui. Nafasi nane, saba na moja. Ndugu: ngamia wa nundu mbili yupo toka 2019, wa nundu moja hayupo, andika. Kifaru wa India yupo toka mwanzo, mweupe kaja 2021, mweusi bado, andika, na yuko hatarini sana, huyu ni uhakika. Bustani: adaksi (jamaa ya choroa) na swala dama, wote wa Sahara, wote karibu wanakwisha porini. Punda mwitu wa Somalia, sababu ileile. Boksi: nyoka wa mchangani. Hapo una sita bila kutoa jasho, na wote walikuja. Waliobaki ni paka wa mchangani na nungunungu, hao wa kubahatisha.

Siku yenyewe mie nilipata wanne. Dama na adaksi nilikuwa siwajui hata majina, toka hapo nikaanza kusoma orodha za wanyama walio hatarini, nikianza na Sahara, na hiyo imenisaidia kuliko kitu chochote.

Hatua ya 8: funga mkeka

Kila jina weka alama: U kwa uhakika, N kwa nusu, B kwa bahati. Mkeka wa wanane usizidi B mbili. Halafu andika tarehe, piga picha, na karatasi yenyewe mpe mtu asiyecheza. Sie tunampa mama anayetuuzia kahawa hapo barazani, anaiweka kwenye kopo la sukari na haitoi mpaka paki itangazwe, hata umbembeleze vipi.