Namna ya Kuzungumzia Kodi ya Nyumba Miongoni mwa Marafiki Wenye Vipato Tofauti

Jijini Dar es Salaam, wafanyakazi wawili wa ofisi moja wenye mshahara unaolingana wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa za makazi, kwa kuwa mmoja anaishi Upanga katika nyumba ya wazazi wake bila kulipa kodi, na mwingine amepanga Mbagala huku akiwasomesha wadogo zake. Kwa sababu hiyo, kabla hujamshauri mwenzako ahamie karibu na kazini, usipime uwezo wake kwa mshahara unaodhani anaupata.

Fahamu pia kwamba mzigo mzito zaidi kwa mpangaji ni malipo ya mkupuo. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi, kikidaiwa miezi sita, kinahitaji shilingi 900,000 za mwenye nyumba na 150,000 za dalali, yaani shilingi 1,050,000 kabla godoro halijapakiwa kwenye bajaji. Mtu anayemudu kodi ya kila mwezi bila shida anaweza kukwama hapo kwa mwaka mzima, na kumwambia kwamba chumba hicho ni cha bei nafuu ni kumwongezea uchungu.

Maswali kama "Bado umepanga?" au "Kiwanja umeshanunua?" yaache, hasa mbele ya watu, kwani humlazimu mtu ama kudanganya ama kuanika mfuko wake. Ukitaka kumsaidia anayetafuta nyumba, muulize anatafuta maeneo gani na mwisho wake ni shilingi ngapi, kisha mletee habari za vyumba visivyozidi kiasi hicho. Usimtajie kodi unayolipa wewe isipokuwa amekuuliza.

Marafiki wanaotaka kupanga nyumba pamoja wanapaswa kuzungumza kwa uwazi zaidi, tena mapema, kabla ya kwenda kuiona nyumba yenyewe. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 450,000 kwa mwezi, itakayokaliwa na mmoja anayepata 1,200,000 na mwingine anayepata 600,000. Wakigawana nusu kwa nusu, wa pili atatoa 225,000, zaidi ya theluthi ya mshahara wake. Wakigawana kwa uwiano wa mapato, wa kwanza atatoa 300,000 na wa pili 150,000. Mimi naona mgawanyo huu wa pili ndio wa haki, na anayelipa zaidi anaweza kupewa chumba chenye choo ndani, lakini malipo hayo hayampi mamlaka ya kuamua nani apokee wageni. Umeme wa LUKU ugawanywe kwa kuangalia matumizi, kwa sababu mwenye friji hawezi kulingana na mwenye taa na chaji ya simu. Majina ya wote wawili yaandikwe kwenye mkataba, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Ofisini, mratibu wa sherehe na afikirie nauli na saa kabla ya kuchagua ukumbi. Chakula cha jioni Masaki kinachomalizika saa nne usiku kinamtaka mkazi wa Chanika atafute usafiri wa kukodi ambao huenda ukazidi gharama ya sahani yenyewe, ilhali mlo wa mchana karibu na kazini ungewafaa wote. Michango ikusanywe na mtu mmoja anayetunza siri, bila orodha ya majina na viwango kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ikiwa wewe ndiye mwenye kipato kidogo, huna haja ya kueleza matatizo ya nyumbani kwako, inatosha kusema, "Hapo sitafika, ila nikipata nyumba ya laki moja nitaichukua." Rafiki akikuomba umkopeshe fedha za kodi, amua kwanza kiasi ambacho hata kisiporudi hakitavunja urafiki, kisha mpe hicho faraghani, mkubaliane tarehe ya kurejesha kwa kufuata siku yake ya mshahara, na usimwulize habari za deni hilo mbele ya mtu mwingine yeyote.