Somo: Gauni la nyumbani la kufunga mbele, kwa nusu pisi ya kikwembe (kitenge)

Hapa Bukavu tunaishi kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri mtu anahitaji kitu cha kujitupia mwilini kabla hajawasha mbabula, jiko la makaa. Wengi huenda kwa fundi wakaomba gauni la nyumbani, fundi akachukua vipimo kama vya libaya, blauzi ya kubana mwili, na nguo ikarudi imeshika kiuno na kukaza kwapa. Inapendeza ukiwa umesimama. Ukiinama kuchota maji au kumbeba mtoto, inakuvuta mgongoni.

Raha ya nguo ya nyumbani iko kwenye nafasi ya mgongo na ya kwapa, na nafasi hiyo inapatikana wakati wa kukata. Ulaini wa kitambaa unakuja baadaye. Kwa hiyo gauni hili halina pensi (mikunjo inayoshonwa ili nguo ishike mwili) wala halifuati umbo la kifua. Ni vipande vya pembe nne, mstari mmoja wa mshazari mbele, na mkanda.

Kitambaa

Pisi nzima ni yadi 6, kama mita 5.5. Nusu pisi, yadi 3, inatosha kwa mfano ninaoutoa hapa. Chukua pamba. Muuzaji akikwambia ni pamba, chomoa nyuzi mbili pembeni uziwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, lakini poliesta inayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Mimi nasisitiza pamba kwa sababu ya mbabula. Poliesta ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi.

Kabla ya kukata, loweka kitambaa katika maji baridi, kifue, kianike kivulini, kisha kipige pasi. Kikwembe kipya kina dawa ya kukikakamaza, na kinaweza kurudi sentimita kadhaa kwa urefu. Afadhali kirudi sasa kuliko kirudi kikiwa gauni.

Vipimo

Pima nyonga mahali penye upana zaidi, mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Mwili unatanuka ukikaa, na gauni la nyumbani tunalikalia sana. Kisha pima urefu kutoka begani karibu na shingo hadi katikati ya muundi.

Tuseme nyonga ni sentimita 104 na urefu ni 110. Ongeza 26 kwenye nyonga kwa ajili ya nafasi: inakuwa 130. Nusu yake, 65, ni upana wa mgongo. Ongeza 3 za mishono, unakata 68. Kila upande wa mbele ni nusu ya mgongo, 32.5, ongeza 9 za kupishana na 2.5 za mishono: unakata 44. Urefu, pamoja na mshono wa bega na pindo la chini la sentimita 4, unakata 116.

Kukata

Kikwembe kikishafuliwa kinakuwa na upana wa sentimita 113 au zaidi. Kata vipande viwili vya urefu wa 116, kwa upana wote wa kitambaa. Cha kwanza kinatoa mgongo na mbele moja. Cha pili kinatoa mbele ya pili, ukanda mmoja wa upana wa 11, na kinachobaki kinatoa mikono miwili, kila mmoja upana 54 na urefu 42, pamoja na mifuko miwili ya 22 kwa 25. Sehemu iliyobaki mwishoni mwa nusu pisi, kama sentimita 33, itoe mikanda mingine mitatu ya 11.

Kama ua la kikwembe lina kichwa na miguu, ndege kwa mfano, hakikisha vipande vyote vinatazama juu. Weka alama kwa kipande cha sabuni kilichochongoka. Kinaonekana vizuri na kinatoka kwenye maji.

Sasa shingo. Kwenye mgongo, tafuta katikati, pima 8 kila upande, kisha chimba sentimita 2 tu kwenda chini kwa mviringo mdogo. Kwenye kila mbele, upande wa juu, pima 18 kutoka ukingo wa katikati ukielekea bega. Kwenye ukingo huo huo shuka 40. Unganisha alama hizo mbili kwa mstari ulionyooka, ukate.

Hapa tulia kidogo. Mstari huo umekatwa mshazari, na mshazari unanyumbuka. Shika ukingo wake kwa vidole viwili uvute taratibu: utauona unarefuka na kuanza kuwa na mawimbi. Ukiuachia hivyo, kila unapoushika unazidi kulegea, na siku ya kuvaa kifua kitabaki wazi hata ufunge mkanda namna gani. Dawa yake ni kupitisha mshono mmoja, nusu sentimita kutoka ukingoni, mara tu baada ya kukata, kabla hujagusa kazi nyingine. Shona kutoka begani kushuka, mkono usivute, meno ya mashine yenyewe yasukume kitambaa. Ukimaliza laza vipande viwili kimoja juu ya kingine. Mistari ya shingo ikilingana, endelea. Ikipishana, tia uzi wa mkono uukusanye ule mrefu mpaka ulingane.

Kushona

Sindano namba 14 inatosha kwa kikwembe. Mifuko ishonwe kwanza, wakati mbele bado ni bapa. Halafu unganisha mabega.

Fungua nguo uilaze. Kunja mkono katikati ili upate alama, alama hiyo ikae juu ya mshono wa bega, ushone mkono ukiwa bapa, 27 mbele na 27 nyuma. Mikono yote ikishashikwa, kunja gauni upande wa ndani uwe nje, kisha shona mshono mmoja kutoka mwisho wa mkono, kupitia kwapani, hadi chini. Kwenye kona ya kwapa pitisha mshono mara ya pili, halafu kata kwa ncha ya mkasi kuelekea kona, uache milimita 2 bila kugusa uzi. Bila mkato huo kwapa linakunjamana.

Mwenye mashine ya surje (overloki) azungushie kingo. Mwenye mashine ya mkono au ya miguu akunje kila ukingo na kuupitishia mshono. Ni kazi ya saa moja zaidi, lakini nguo inadumu, na umeme ukikatika wewe unaendelea.

Kunja pindo la chini na la mikono. Unga mikanda minne iwe mmoja mrefu. Toa kama 260 kwa ajili ya ukingo wa mbele, inayobaki, kama 180, ni mkanda wa kiuno. Ukingo anza kuushona katikati ya shingo nyuma, ushuke upande mmoja, kisha urudi katikati ushuke wa pili. Ukianza chini na kuzunguka moja kwa moja, upande mmoja utakuwa mrefu. Ukishafika chini, kunja ukingo uingie ndani, ufiche mshono, umalizie kwa mkono au kwa mashine.

Vitanzi vya mkanda usivishone kwa kukisia. Vaa gauni, jifunge kamba kiunoni, kaa, inuka, ndipo uweke alama. Ndani tia vikamba viwili, kimoja ubavuni na kimoja kwenye ukingo wa mbele inayokaa ndani. Hivyo mbele ya ndani haishuki wala kufunguka unapotembea.

Wanaotumia pasi ya makaa: mkung'ute jivu nje, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, na weka kitambaa chenye unyevu juu ya nguo.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Bagira: Naweza kutia taulo ndani ili liwe la joto zaidi?*

Unaweza, mama, ila kumbuka mvua zetu, kuanzia Septemba hadi Mei. Taulo lililoshonewa ndani linaweza kukaa kwenye kamba siku mbili likaanza kunuka. Mimi napendelea shuka la flaneli, hata la mitumba, lililofuliwa kwanza. Litie kwenye mgongo na mbele tu, mikono ibaki tabaka moja.

*Dada wa Katuba, Lubumbashi: Kwetu Juni na Julai baridi ya asubuhi ni kali. Nina blanketi laini, nifuate vipimo hivi hivi?*

Hapana, dada yangu. Kitambaa kinene kinakula nafasi. Badala ya 26 ongeza 32 au 34, na mkono ukate 58. Tumia sindano namba 16, mshono mrefu wa milimita 3.5. Ukingo na mkanda vitoe kwenye kikwembe, kwa sababu blanketi likikunjwa mara nne mashine nyingi hazipiti. Mablanketi mengi laini ni poliesta, kwa hiyo ukipika livue, au punguza mikono iishie chini kidogo ya kiwiko.

*Mwanachama wa Himbi, Goma: Nilinunua robu (gauni) ya mitumba, nzuri sana, lakini inanibana kwapani na nyonga. Nifanyeje?*

Usiifumue yote. Kwapani fumua sentimita 10 za ubavu na 10 za mkono, ziwe pamoja kama njia moja, uache mshono wa duara la mkono. Kata kipande cha pembe nne sawa, 13 kwa 13, ukishone humo huku kona moja ikitazama chini ubavuni na ya pili ikitazama kiganja. Kila upande unabaki na 10 baada ya mshono. Utainua mkono bila nguo yote kupanda. Kwa nyonga, anzia chini ya kipande hicho: fumua ubavu hadi chini, utie kipande chenye upana wa 7, kinabaki 4. Pande mbili umepata 8. Ukikosa rangi inayofanana chukua inayopingana kabisa, na uirudie kwenye mifuko, ionekane imekusudiwa.

*Papa wa Kadutu: Na sisi wanaume?*

Ni lile lile, papa. Upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia, na mikono uirefushe, kwa hiyo nunua kitambaa zaidi kidogo ya nusu pisi.

*Yaya wa Panzi: Mama yetu mkono wake wa kulia hauinuki tangu alipougua. Kumvisha ni kazi, analia.*

Pole sana, yaya. Huyo mshonee mkono wa kulia ulio wazi juu, kutoka shingoni kupitia begani hadi mwisho wa mkono, ufungwe kwa vikamba vitano au sita vya kitambaa laini. Bega la kulia nalo lisiunganishwe, likunjwe kingo zake. Ukingo wa shingo uishie pale wazi panapoanzia, na uanze tena upande wa pili. Vifungo vya plastiki usitie, vitamuumiza akilalia upande huo. Wakati wa kumvisha anza na mkono unaouma, umlazie nguo bila kuuinua, kisha mpitishie mkono mzima, usiouma. Wakati wa kumvua anza na mkono mzima. Na mkanda wake ushone kabisa mgongoni, ncha zibaki huru mbele, ili usilazimike kumgeuza kuutafuta.