Unaenda kukaa na familia Ufaransa? Soma hii kabla hujafunga begi

Binamu yangu wa Kisauni, Mombasa, kanipigia juzi usiku, viza yake imetoka, anaenda Ufaransa mwaka mzima kukaa na familia. Anaenda kama jeune au pair, yaani wale vijana wanaoishi na familia, wanasaidia watoto na huku wanasoma Kifaransa. Swali lake la kwanza lilikuwa abebe jaketi ngapi. Mimi nlikaa na familia pale Villeurbanne, ubavuni mwa Lyon, zaidi ya mwaka, nikamwambia jaketi utapata huko huko, mtumba mzuri tu, we jifunze kusema. Nikimaanisha kusema unachotaka, usichokula, unapochoka, na kukisema mapema. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuwa mgeni mwenye adabu ananyamaza, anasubiri kukirimiwa, na kule hiyo adabu itakutesa vibaya.

Ntakupa mfano. Usiku wangu wa kwanza walipika viazi vya ovena, vimekatwa duara duara vyembamba, vimelazwa kwenye malai, juu jibini imeiva imekuwa rangi ya kahawia. Nikala kijiko kama viwili hivi. Yule mama akaniuliza naongeza? Nikasema hapana asante, vile ungemwambia jirani wa Majengo ukijua fika atakushika mkono akwambie kula mwanangu mbona hujala kitu. Hakunishika mkono. Alisema sawa, bakuli likanyanyuliwa, likafunikwa, likaingia kwenye friji, na mimi nikapanda kitandani na njaa yangu nimeudhika, naona hawa watu hawana ukarimu kabisa. Kumbe kwao kumlazimisha mtu chakula ndo utovu wa adabu, umesema hapana na wao wameheshimu neno lako. Kesho yake nlisema ndio mara mbili na yule mama akafurahi kweli, manake mpishi wa kule pia anapenda kuona chakula chake kinaliwa.

Alafu kuna mtego mwengine hapo hapo. Ukikaribishwa kitu na ukajibu "merci" peke yake, mara nyingi wanaelewa hapana asante. Kama unataka sema "oui, je veux bien" au "volontiers". Maneno hayo yajue hata kabla hujajua kuhesabu.

Sasa turudi nyuma kidogo kabla ya safari. Kwa hii njia ya au pair mambo yameandikwa: uwe na miaka 18 hadi 30, kazi isizidi saa 25 kwa wiki, upate siku 1 nzima ya kupumzika kila wiki, na pesa ya mfukoni isipungue euro 320 kwa mwezi, juu ya chumba na chakula. Ukihesabu euro kwa shilingi 150 za Kenya hiyo ni 48,000, ikisikika Mombasa ni pesa nzuri lakini kule ni ya nauli, kahawa na vocha, kwahivyo usimuahidi mtu nyumbani kuwa utatuma kila mwezi. Kibali ni mwaka 1 na kinaweza kuongezwa hadi 2. Ukishafika, ile viza ya kukaa muda mrefu lazima uithibitishe kwenye intaneti ndani ya miezi 3. Fanya wiki ya kwanza, usingoje, manake ukisahau unakuwa na shida ya makaratasi kwa jambo la nusu saa.

Kabla hujasaini mkataba ongeeni kwa video, si mara moja, mara tatu. Waulize wana mbwa? Mbwa wa kule analala ndani, anapanda kochi, anakuramba, na kama we ni Muislamu na unajali nguo zako za swala hili jambo ni la kujua mapema, si la kukutana nalo mlangoni. Uliza Jumatano inakuwaje, sababu shule nyingi za watoto wadogo hazina masomo siku hiyo au zinafunga mchana, kwahivyo ndo siku yako nzito. Uliza nani anapika, chumba chako kiko wapi na kama kina kufuli, darasa la Kifaransa liko umbali gani na nani analipa basi.

Na hapo hapo kwenye video waambie huli nguruwe na hunywi pombe, kama ndo hivyo. "Je ne mange pas de porc et je ne bois pas d'alcool." Sema ukitabasamu na umalize, hapana haja ya hotuba. Wengi hawaoni tabu, lakini lazima uwasaidie kuona, sababu kwao vile vipande vidogo vya nguruwe ndani ya quiche, ile pai yao ya mayai, hata hawavihesabu kuwa ni nyama, na peremende za watoto nyingi zina jelatini ya nguruwe, na sosi inaweza kuwa imepikwa na mvinyo. Mimi nlikuwa nasoma pakiti zote, wale watoto wakazoea mpaka wao wenyewe wakawa wananisomea. Swala pia sema. Nlimwambia mama wa nyumba nahitaji dakika chache na mlango kufungwa, akauliza maswali mawili matatu, basi yakaisha. Lyon kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1994, na mabucha ya halali yako miji mingi.

Kuhusu mavazi nisikufiche. Hijabu na buibui barabarani huna tatizo, chuo kikuu pia unaingia nayo. Lakini kufunika uso, yaani ninja, sheria ya mwaka 2010 inakataza sehemu za umma. Na kama unaenda kama mwanafunzi wa sekondari ya serikali, huko hijabu hairuhusiwi tangu sheria ya 2004, na abaya ilikatazwa 2023. Jua hivyo ukiwa bado hapa, ili uamue mwenyewe na wazazi wako, usije ukaamuliwa getini.

Zawadi beba leso. Chagua jina zuri, na siku ya kuitoa watafsirie yale maandishi, mimi ya kwangu walivyojua kuwa kile kitambaa kinasema neno wakaitundika ukutani sebuleni. Beba kahawa, iliki, mdalasini, mabuyu. Nyama na vitu vya maziwa usibebe, samli ya bibi iache, haviruhusiwi kuingia kwenye begi ukitoka nje ya Ulaya, na embe pia hairuhusiwi bila cheti. Na beba adapta, manake soketi zao ni za pini mbili za duara, chaja yako ya pini tatu haitaingia.

Ukifika, asubuhi kila mtu wa nyumba umwambie "bonjour", mmoja mmoja, hata kama una usingizi. Dereva wa basi bonjour, muuza mkate bonjour kabla hujasema unataka nini. Hili mtu wa Mombasa linampasa asishindwe, salamu tumezaliwa nazo, tofauti ni kuwa ya kwao ni fupi, hakuna habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Kuna na ile ya kugusanisha mashavu. Kama hutaki kufanya na wanaume, tanguliza mkono mapema ukiwa bado mbali kidogo na useme bonjour kwa sauti, anaelewa. Wazee waite "vous", yaani wewe ya heshima, mpaka wenyewe wakwambie sema "tu", ile wewe ya kawaida.

Mezani subiri wote wakae. Mikono iwe juu ya meza, si mapajani. Mkate unawekwa mezani ubavuni mwa sahani, si juu yake, jibini inakuja baada ya chakula na kabla ya kitu kitamu, na uma wanashika mkono wa kushoto, mimi nlibaki na wa kulia na hakuna aliyeniuliza. Chakula cha usiku ni saa mbili hivi na kinaweza kwenda saa nzima sababu ndo baraza yao. Utasikia wanabishana siasa, sauti juu, unadhani leo kunavunjika nyumba, alafu dakika hiyo hiyo mtu anaomba chumvi. Si ugomvi. Usikimbilie chumbani, kaa, sikiliza, hata kama huelewi nusu, lugha yangu mimi nliipata pale mezani kuliko darasani.

Chooni sasa, na hili watu wanaona haya kuliandika. Choo mara nyingi kiko peke yake, chumba kidogo, bila bomba, karatasi tu. Nunua kopo dogo lenye mdomo, yale ya kumwagilia maua yanafaa sana, uwe unalijaza bafuni kabla. Ila angalia chini: sakafu haina tundu la kutolea maji. Maji ukiyamwaga yanabaki pale pale, yanaingia kwenye mbao na kuteremka kwa jirani wa chini. Kwahivyo polepole, na uwe na kitambaa cha kukaushia. Bafuni hivyo hivyo, pazia liwe ndani, na kuoga usikae nusu saa, bili ya maji ya moto ni kubwa.

Baridi itaanza Oktoba, na kufika Desemba jua linatoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na moja jioni. Nyumba zinapashwa nyuzi 19 hivi, usiende kuzungusha kile kifundo mpaka mwisho, vaa soksi na sweta ndani. Na toka nje mchana hata dakika ishirini, wallahi usipotoka moyo unazama na hujui kwa nini.

Watu wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe lako ni watoto. Tangu Julai 2019 sheria inakataza kumpiga mtoto hata kofi dogo, kwahivyo zile za hapa kwetu zisahau, utaongea, utaongea tena. Saa kumi na nusu wakitoka shule wanakula kile kitu kidogo kinaitwa goûter, mkate na chokoleti au matunda, usikichelewe manake watageuka simba. Na saa zenyewe ziangalie sana. Wao wakisema "sept heures" sisi akili inaruka kwenye saa saba, kumbe ni saa moja. Nliandika karatasi nikaibandika kwenye friji, kushoto saa zao, kulia saa zetu, 16h30 kumi na nusu, 19h saa moja usiku. Wiki tatu nikaitoa. Hesabu nayo ina mambo, 70 wanasema sitini na kumi, 80 ni ishirini nne, 90 ni ishirini nne na kumi. Lakini ile r yao inayowashinda watu wengi sisi tunayo nyumbani, ni karibu sana na gh ya "ghali" na "gharama", itamke hapo hapo kooni na utaona wanakuelewa.

Kuna jambo liliniuma na lazima niliseme. Mwezi wa tatu zile saa 25 zilikuwa zinateleza, leo nusu saa, kesho nipigie pasi hizi mbili, mpaka wiki moja nikahesabu 32. Nlinyamaza wiki kadhaa, nanuna, nafunga milango kwa nguvu, nikingoja waone wenyewe. Hawakuona. Walidhani nimekumbuka kwetu. Nikaanza kuandika kwenye daftari, siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na Jumapili baada ya chakula nikawaomba tukae nikafungua ile daftari mezani. Yule baba alisoma mstari kwa mstari, akaomba radhi, wakatafuta msichana wa jirani wa kuwachukua watoto Alhamisi. Dakika kumi zilimaliza kitu kilichonila mwezi mzima. Kwahivyo daftari lako lianze siku ya kwanza.

Lakini si familia zote ni hivyo. Paspoti yako haishikwi na mtu mwengine, hata kwa kisingizio cha kuitunza. Piga picha ya mkataba na viza, mtumie mtu nyumbani. Ukitishwa au ukiguswa vibaya toka, 112 ni namba ya dharura bure kwenye simu yoyote, 17 polisi, 15 ambulansi. Familia mbaya inabadilishwa, na kubadilisha si aibu wala si kushindwa.

Kupigia nyumbani kumbuka Mombasa iko mbele saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto, kwa sababu wao wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mamako mpangie siku, usimpigie kila ukilia, atakosa usingizi na huku huwezi kumfuta machozi.

Na ukishatulia, omba jiko siku moja. Mimi nlipika mahamri Jumatano mchana. Tui la mkebe unalipata maduka ya Guillotière, mtaa wa Lyon, huko huko kuna mihogo, bamia na ndizi za kupika, iliki utakuwa nayo kutoka nyumbani, hamira inauzwa vipakiti vidogo karibu na unga. Unga wao aina nyingi, chukua ulioandikwa T55. Ukande usiku, uufunike na uuweke karibu na kile chuma cha kupasha nyumba, sababu jikoni kwao baridi na hautafura. Yule mdogo wa miaka sita alikaa mbele ya sufuria anaangalia yakivimba, kila moja likipanda anapiga kelele, na Jumatano iliyofuata alinisubiri jikoni na unga kashautoa kabatini.