Jinsi ya kukagua sarafu ya tembo wa Tabora iliyo ndani ya kasha la NGC au PCGS kabla hujatoa hela

Naandika hii baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Ujiji aliyetumiwa picha za tembo wa Tabora kwa WhatsApp. Sarafu iko ndani ya kasha la plastiki la NGC au PCGS (kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye kasha lenye namba), lebo safi, namba ipo, hologramu ipo, na muuzaji anamwambia kaka hii imeshapimwa Marekani, huna haja ya kuikagua tena. Maneno hayo ndo yanayowaliza watu. Anayeweza kughushi sarafu hashindwi kughushi plastiki, kwa hiyo hapa tunakagua vitu viwili, kasha na sarafu, kila kimoja peke yake.

Kwa asiyeijua, hii ni rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa hapahapa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, kipindi manowari za Waingereza zimeziba bahari na Mjerumani hapati tena sarafu kutoka kwao. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Ina gramu 7.168, dhahabu asilimia 75, upana milimita 22.5. Upande mmoja kuna tai wa Mjerumani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA 15 RUPIEN, upande wa pili tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, 1916 na herufi T ya Tabora. Ni sarafu ya mji wetu hii, na inauma sana kuona vijana wetu wenyewe wanauziwa shaba iliyopakwa rangi kwa jina lake.

Hatua ya 1: piga hesabu ya dhahabu

Ndani yake kuna dhahabu halisi gramu 5.37 hivi. Nenda kwa sonara yeyote, muulize gramu ya dhahabu safi leo shilingi ngapi, zidisha. Hiyo ni bei ya dhahabu tu bila tembo wala historia, wakati wakusanyaji wa nje, sarafu nzuri wanailipia maelfu ya dola. Sasa mtu anakuuzia laki tatu ikiwa ndani ya kasha la NGC yenye gredi (kiwango cha ubora) ya juu, kwa nini asiipeleke kwa sonara akapata zaidi? Ukikosa jibu la hilo swali ishia hapo, usiendelee na hatua nyingine.

Hatua ya 2: vifaa

Lenzi ya mara 10, mizani ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01, sumaku yenye nguvu, taa ya mezani. Basi. Kamera ya simu usiitegemee kama lenzi, simu za siku hizi zinalainisha picha zenyewe na zinakufutia vidoti vyote unavyovitafuta. Flashi ndo mbaya kabisa.

Hatua ya 3: kasha

Kasha la kweli limeunganishwa kwa mashine, kiungo chake pembeni kimenyooka mzunguko mzima. Feki nyingi zimegundishwa, utaona ukungu wa gundi, viputo, au alama za bisibisi mahali palipofunguliwa na kufungwa. Hologramu ya kweli inabadilika ukiigeuzageuza kwenye mwanga, ya feki mara nyingi ni karatasi ya kung'aa tu, inametameta lakini picha ya ndani haibadiliki. Herufi za lebo ziangalie na lenzi: kingo zake ziwe kali, nafasi kati ya herufi zilingane. Tafuta na picha ya kasha la kweli la kipindi hichohicho uweke pembeni, maana hizi kampuni zimebadilisha makasha yao mara nyingi toka miaka ya themanini, usije ukakataa kasha zuri la zamani kwa sababu halifanani na la mwaka huu. Makasha mapya ya PCGS mengine yana chipu, simu yenye NFC ukiigusisha inasoma.

Hatua ya 4: namba (hapa soma taratibu)

Watu wengi wakifika hapa wanaharibu. Wanaingiza namba ya lebo, inakuja "1916 T 15 Rupien", wanafurahi, wanatuma hela. Namba kusoma haina maana sarafu ni ya kweli! Mghushi haitungi namba, anaichukua kwenye picha ya sarafu halali iliyouzwa mnadani huko Ulaya au Marekani, anaichapa kwenye lebo yake, kwa hiyo lazima isome. Unachotakiwa kujua ni kama sarafu uliyonayo mkononi ndiyo ileile iliyopewa hiyo namba.

Kwanza, anwani iandike mwenyewe kwa mkono, ngccoin.com au pcgs.com, halafu tafuta sehemu ya kuhakiki namba. Usiskani QR ya kwenye lebo wala kubonyeza linki aliyokutumia muuzaji, unaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa kuigiza. Na tumia kompyuta, hata ya stationery, kioo cha simu ni kidogo mno kwa kazi hii, bora uchelewe siku mbili.

Pili, namba ikisoma angalia kama kuna picha. Nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Ishushe, ikuze, chagua alama tatu au nne ambazo ni za sarafu hiyo peke yake: kidonda kwenye ukingo, mchubuko karibu na shingo ya tai, doa juu ya mgongo wa tembo. Ziandike mahali zilipo kama unavyosoma saa, yaani "ukingoni saa nne", halafu zitafute kwenye sarafu uliyoletewa. Chagua majeraha ya ndani siyo mikwaruzo myepesi, kwa sababu mkwaruzo mwepesi taa ikihama unapotea, upo na huuoni, na hapo ndo tulipopoteza mchana mzima na yule kijana, tunabishana kuhusu mstari mmoja ambao mwisho wa siku ulikuwa kwenye plastiki. Kutofautisha ni rahisi ukishajua: inamisha kasha polepole huku na huku, mkwaruzo wa plastiki unahama juu ya sarafu, wa sarafu unabaki palepale. Rangi usiipe uzito kabisa, taa ya mpiga picha inaweza kuifanya sarafu hiyohiyo ikawa nyekundu au ikapauka. Na sarafu ikiwa imezunguka kidogo ndani ya kasha hiyo siyo kosa, zungusha picha ulinganishe upya.

Tatu, na hili wanaolijua ni wachache. Tembo wa Tabora wako wa aina mbili. Tazama upande wa tai, kuna pambo limejikunja pembeni mwa 15 RUPIEN. Pambo la kulia kwa aina moja linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, kwa nyingine chini ya A ya kwanza. Zote ni halali. Lakini picha ya namba ikionyesha T na wewe mkononi una A, maneno yamekwisha, hata kama kasha linang'aa vipi. Yule kijana wa Ujiji sarafu yake ilikamatiwa hapa.

Nne, iandike namba hiyohiyo Google. Ukiikuta kwenye matangazo mawili ya wauzaji tofauti, au sarafu ilishauzwa mnadani na alama zake siyo za hii yako, kimbia. Kama unanunua kwa picha tu, mwambie muuzaji akutumie video akiigeuza sarafu pembeni ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, kwa sababu picha ya sarafu halali kila mtu anaweza kuiiba. Akileta sababu, achana naye. Na namba isiyo na picha kabisa ichukulie kama sarafu isiyo na kasha, iende hatua ya 5 kwa mtu anayejua, ana kwa ana.

Hatua ya 5: sarafu yenyewe

Pitisha sumaku juu ya plastiki. Ikinasa ni feki. Isiponasa hujajua kitu, shaba nayo hainasi. Kwenye lenzi tafuta vishimo kama vya uji uliochemka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa. Mikunjo ya ngozi ya tembo ikiwa laini kama imeyeyuka huku sehemu za juu hazijalika, hapo pia pana tatizo. Zile sarafu ndogo za shaba za Tabora, za heller 20 za 1916, zenyewe zilipigwa kwa haraka na nyingi ni za hovyo kuziangalia, kwa hiyo sheria ya "mbaya ni feki" usiitumie kwao.

Hatua ya 6: nje ya kasha

Kasha usilivunje mpaka hatua ya 4 imeshakataa na mwenye mali amekubali. Likishavunjwa, pima uzito, uwe karibu na zile gramu 7.168. Halafu weka kikombe cha maji kwenye mizani, rudisha kwenye sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kikombe. Ya kweli mizani itasoma karibu gramu 0.46. Shaba yenye uzito huohuo inasoma zaidi ya 0.8, fedha iliyopakwa dhahabu karibu 0.68. Maji makali ya sonara sitaki kuyaona karibu na sarafu, wala ndimu, ukwaju au jivu, ikitokea ni halali umeshaiharibu thamani.

Ikithibitika feki piga picha pande zote, tuma kwa kampuni iliyoghushiwa pamoja na namba, huwa wanapokea taarifa za makasha ya kughushi. Hela yako idai kabla hujamrudishia muuzaji sarafu, siyo baada.