Magoti, kano na mifupa: anzia jikoni kabla hujaenda duka la dawa

Mama yangu aliteleza uani tu akavunjika mkono, ndo nikaanza kufatilia haya mambo kwa bidii, maana sisi nyumbani tuliamini supu ya makongoro inamaliza kila kitu. Kumbe supu ile jelatini (ule ute unaoganda supu ikipoa) inayo ndio, ila kalisiamu inayotoka kwenye mfupa ikaingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Kunywa, ila mifupa usiitegemezee hapo.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalisiamu kwa siku, mwanamke akivuka miaka 50 inapanda mpaka 1,200. Dagaa ndo mkombozi wetu jamani, ilimradi uwale wazima na mifupa yao, kichwa ukitoa sawa ila ule uti wa katikati usiutupe. Weka na maziwa au mtindi, weka sukuma wiki. Mchicha kula kwa faida zake zingine, lakini una oksaleti inayoishika kalisiamu isifyonzwe vizuri, kwahiyo usijipe moyo kwamba umeshamaliza kazi.

Ukiandikiwa vidonge vya kalisiamu usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mpigo, mwili haupokei vizuri, gawa asubuhi na jioni, na vile vya kaboneti meza na chakula. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aiachanishe na kalisiamu kwa masaa manne. Vitamini D nayo muhimu, bila hiyo kalisiamu haifyonzwi inavyotakiwa, na kuishi kwenye jua hakutoshi kama unashinda ndani kutwa nzima, muulize daktari kama upimwe.

Kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa (wachezaji mnaoumwa kisigino nisikilizeni), zinataka mazoezi ya kuzibebesha uzito taratibu kwanza, chakula kinasaidia tu. Kuna utafiti wa 2017, mdogo sana, vijana 8, walikunywa gramu 15 za jelatini yenye vitamini C lisaa limoja kabla ya kuruka kamba na dalili za mwili kutengeneza kolajeni (protini inayojenga kano) zikaongezeka. Kujaribu sio mbaya, lakini hiyo sio dawa.

Glukosamini, vile virutubisho vya viungo vya dukani, inauzwa ghali na majibu ya tafiti yanagongana, wengine wanapata nafuu wengine hamna kitu. Nyingi inatokana na magamba ya kamba na kaa, mwenye aleji ajihadhari, na anayemeza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiiguse bila daktari wake kujua. Ukiamua, jipe miezi mitatu, goti likibaki vilevile acha, hiyo hela nunua maharage, mayai na samaki.