Mkunja majani wa bamia: mtafute siku ya kuchuma

Ukipita kwenye bamia ukaona jani limejiviringa kama koni ya muuza karanga, usikimbilie bomba la dawa. Lifungue kwanza. Ukikuta nyuzi nyeupe kama za buibui, chembe nyeusi za kinyesi na kiwavi wa kijani mwenye kichwa cheusi anayerudi nyuma kwa kasi, huyo ndiye mkunja majani, kwa jina la kitaalamu Haritalodes derogata. Kama hakuna nyuzi wala kinyesi, angalia vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza majani) au ugonjwa.

Mama yake ni nondo wa usiku. Rangi yake ni ya maziwa inayoelekea manjano, mbawa zina mistari ya kahawia iliyopindapinda na mabegani ana vidoa vyeusi. Akitandaza mbawa hufika sentimita 3 hivi. Hutaga yai mojamoja chini ya jani, nalo huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 6. Kiwavi mchanga hukwangua jani kwa upande wa chini, akiwa bado wazi. Akishapata nguvu ndipo analikunja, analishona, na kulila kutokea ndani. Maisha hayo huchukua wiki 2 hadi 5, kisha hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, humo humo au kwenye takataka za shambani. Siku 6 hadi 12 baadaye nondo anatoka.

Kosa ninaloliona sana ni kupiga dawa koni zikiwa zimeshafungwa. Dawa inalowesha jani kwa nje, mwenye nyumba yuko salama ndani. Na bamia huchumwa kila baada ya siku 2 au 3. Lebo ya dawa ikisema usubiri siku 7 kabla ya kuchuma, zitakazobaki shinani zitakuwa ngumu kama kamba, nani atanunua?

Kwa shamba dogo, tumia mkono. Siku ya kuchuma umeshavaa mikono mirefu kwa sababu ya muwasho, basi beba na ndoo ya pili ya kutilia koni. Minya koni kabla ya kuikata, maana kiwavi akishtuka huchomoka.

Shamba likiwa kubwa, tumia dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis mapema, viwavi wakiwa bado wadogo. Inafanya kazi ikiliwa, na jua huidhoofisha, kwa hiyo pulizia jioni ukilenga chini ya majani.

Pamba na choya ni ndugu wa bamia na nondo huyu anazijua, usizipange jirani. Baada ya mchumo wa mwisho, ng'oa mashina yote uyafukie, hata yale yenye majani mabichi ambayo watu huyaachia mbuzi.