Siku za kuzaliwa na za ndoa za ukoo mzima kwenye kalenda moja ya simu

Mara ya kwanza nilipoweka siku ya kuzaliwa ya mama kwenye simu, kengele ililia asubuhi ya siku yenyewe. Mama yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam, na kanga niliyotaka kumtumia ilikuwa bado dukani Kariakoo. Nikaishia kumpigia tu. Tangu hapo naitunza kalenda ya familia nzima kwenye Google Calendar, na utaratibu wangu ni huu.

1. Anza na daftari. Piga simu, uliza, andika. Kwa wazee utakuta kitambulisho kinasema 1 Januari kwa sababu siku halisi haikuandikwa popote. Usiridhike nayo. Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoketi naye akakumbuka mama yake alimwambia amezaliwa siku ya pili ya Idi ndogo, mwaka 1958. Tukatafuta Idi ya mwaka ule ilikuwa lini, tukaangukia Aprili. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimpongeza Januari!

2. Fungua kalenda mpya. Hili nalifanyia kwenye kompyuta: ingia calendar.google.com, bonyeza alama ya kujumlisha iliyo pembeni ya kalenda nyingine, unda mpya, ipe jina. Yangu ni "Siku za Familia". Usizichanganye na vikao vya kazini.

3. Ingiza tukio moja moja. Kwenye jina andika mtu na mwaka: "Shangazi, 1958" au "Ndoa ya Kaka, 2011". Hivyo siku ikifika unajua anatimiza mingapi. Chagua siku nzima, kisha irudie kila mwaka, na kabla ya kuhifadhi hakikisha umeiweka kwenye kalenda ya familia, siyo ile yako binafsi.

Kuna mitego miwili hapa. Kama mipangilio yako ni ya Kimarekani, mwezi hutangulia: 3/7 ni Machi, siyo Julai. Na aliyezaliwa 29 Februari, ukimwekea tarehe hiyo irudie kila mwaka, hatatokea tena mpaka 2028. Mwekee 28 Februari, na tarehe halisi uiandike kwenye maelezo.

4. Weka arifa mbili. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Kengele ya siku hiyo hiyo inakupa nafasi ya kupiga simu tu, na zawadi inataka kununuliwa, kufungwa na kupelekwa kituo cha basi. Mimi naweka ya kwanza wiki moja kabla, ya pili asubuhi ya siku yenyewe. Ziweke kwenye mipangilio ya kalenda nzima, upande wa matukio ya siku nzima, usihangaike na kila tukio. Angalia saa pia: simu ikiandika 9:00 AM ni saa tatu asubuhi, siyo saa tisa.

5. Washirikishe ndugu. Humo humo kwenye mipangilio ongeza barua pepe zao. Wengi wape ruhusa ya kuona tu, na mmoja au wawili makini wape ya kuhariri. Ila arifa zako haziendi kwao. Kila mmoja lazima aziweke kwenye simu yake, na mdogo wangu alikaa mwaka mzima akidhani kalenda ni mbovu. Siku hizi nikikutana na ndugu namwomba simu, namwekea mwenyewe.

6. Hauli, yaani kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka marehemu. Marehemu wetu tunawasomea kwa tarehe za Kiislamu, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo usiweke kujirudia. Washa kalenda ya Hijria kama kalenda mbadala, tafuta tarehe, ingiza tukio la mwaka huo peke yake. Ya babu ya mwaka unaofuata naiingiza kila baada ya kisomo, tukiwa bado tumekaa mkekani. Mwezi ukiandama tofauti na simu inavyosema, nasogeza kwa siku moja.